Mchele Haukuwa na Kosa

Mchele mpya una harufu yake, na aliyekulia Ifakara hahitaji kuelezwa. Ndiyo harufu iliyonipiga usoni wiki ya matanga, nilipofungua kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kitanda cha mama yangu. Tulikuwa tunatenga nguo zake za kugawa, mimi na mdogo wake, mama mdogo Renata. Nilidhani ni akiba ya kula. Nikatia mkono, vidole vikagusa kitu kigumu katikati ya punje, nikakitoa. Ilikuwa mashine yangu ya masikio, ile ya kwanza kabisa niliyopewa nikiwa mtoto, yenye rangi ya chai ya maziwa, mrija wake umekauka na kupasuka. Mama mdogo aliiona, akageuza uso, akaendelea kukunja kanga.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilikuwa nimelia siku zote zile, na machozi yalikuwa yameachia nafasi jambo jingine. Nilipandwa na hasira, na hasira hiyo ninayo hadi leo ninapoandika. Mtu aliyesaidiwa hatakiwi kuwa na hasira, nalijua hilo. Watasema asante ya punda ni mateke. Na waseme.

Nyie wa rika langu mnaikumbuka Kilombero ya pantoni, kabla ya daraja, tulivyokuwa tunasubiri pale Kivukoni huku tunanunuliwa perege wa kukaanga ili tusilie. Nilikuwa bado sijaanza shule homa iliponilaza karibu masika nzima, na nilipoamka watu walikuwa wanafungua midomo bila kusema kitu. Ndivyo nilivyoona mimi. Sikuwaza kwamba masikio yangu yameharibika, niliwaza kwamba watu wamenisusa. Sauti nene tu ndizo zilizobaki: ngoma, injini ya pantoni, mashine ya kukoboa mpunga kule kwetu Mlabani. Na mama yangu akiimba, mradi nimemwegemea.

Mpunga ukianza kujaza, nyumba nyingi za mjini zilibaki na wazee na kuku. Watu walihamia bondeni kuamia ndege. Baba alikuwa na nyumba nyingine kule Chita na mpunga wake ulikuwa hukohuko, kwa hiyo shamba letu lilikuwa la mama na mimi. Tuliishi kwenye dungu, kichanja cha miti kilichoezekwa nyasi, juu ya matope na mbu. Tulikuwa na kamba zilizofungwa makopo, tulikuwa na kombeo la kurushia udongo, lakini silaha ya mama ilikuwa koo. Alisimama, akavuta pumzi, akatoa sauti moja ndefu iliyonyooka, ikaenda, ikaenda, mpaka kundi zima la kweleakwelea likanyanyuka. Jioni, ndege wakianza kwenda kulala, sauti hiyohiyo iligeuka wimbo. Mwanamke wa dungu moja alianzisha, akauvuta mwisho wake, na wa dungu la pili akaudaka kabla haujakatika, akaupeleka kwa wa tatu. Hata yule mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wao ng'ambo ya mfereji aliupokea, akaupinda kwa namna ya kwao, akaupitisha. Sheria ilikuwa moja, wimbo usikatike kwako. Aliyekatisha alichekwa msimu mzima, na mama yangu hakuwahi kukatisha.

Mimi nilikaa nimempa mgongo, nimeuegemeza tumboni kwake, na wimbo uliniingia mbavuni ukiwa mnene na wa moto kama uji. Kwa akili yangu ya kitoto nilikuwa nimeshaupanga ulimwengu: maneno yanakaa mdomoni, nyimbo zinakaa mifupani. Nikitaka neno, ninamtazama mtu usoni. Nikitaka wimbo, ninamgeuzia mgongo. Sikujiona nina upungufu. Nilichokosa ni maneno, na maneno mengi ya watu wa pale yalikuwa ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Kisha wakaja wenye mradi. Walipima watoto kwenye ukumbi mmoja mjini, wakatujaza udongo laini masikioni kuchukua umbo, na baada ya muda tukaitwa kwenye sherehe. Mratibu wao alikuwa mwanaume mnene mwenye sauti ambayo hata mimi niliihisi. Alituvalisha fulana zenye nembo, akatupanga mbele. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na mgeni njoo mwenyeji apone, kulikuwa na kwaya na spika mbili ndefu kuliko mama. Akanivisha mashine nyuma ya sikio, akampungia mkono mpiga kinanda, muziki ukaanza.

Nitajaribu kuwaeleza. Chukua debe la mahindi ulimwage juu ya bati, na wewe uwe umelala chini ya bati hilo. Ngoma niliyoijua, ile nene ya upole, ilikuwa imepotea, na mahali pake palikuwa na kitu kinachopasukapasuka. Waimbaji walipanda na kuzama kama redio ambayo betri zinakata roho. Nikaziba masikio, nikalia kwa nguvu zangu zote. Mratibu akaninyanyua juu watu wanione, akasema kwenye kipaza sauti, na hayo yakawa maneno ya kwanza niliyoyasikia waziwazi tangu ile homa: "Mnaona? Analia kwa furaha!"

Ukumbi ukapiga makofi, na makofi nayo yakawa mahindi mengine. Kamera ikawaka. Mwaka uliofuata ikaja kalenda ya mradi, nami nimo kwenye mwezi mmojawapo, mdomo wazi, kamasi zinatiririka, na chini wameandika "Machozi ya furaha". Mama aliitundika ukutani. Ilikuwa picha pekee ya rangi ya mwanawe.

Niseme ukweli wote. Kwa maneno, kidude kile kilifanya kazi. Darasani nilianza kumsikia mwalimu, nikajua kusoma, na leo ninakula kwa kuhariri vitabu vya shule. Sikatai. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba nimeshapewa kusikia, basi ninyamaze. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kidude kile kilikuwa na kitufe kidogo mgongoni. Ukikibonyeza kinalia "tii", halafu hakibadiliki kitu. Nilimwuliza mratibu kazi yake ni nini. "Hicho achana nacho," alisema, nami nikaachana nacho. Alituonya pia kwamba anayevua mashine mchana, masikio yake yatasinzia tena, na mama akalishika onyo hilo kama amri ya kanisani.

Msimu wa ndege ulipofika tukarudi bondeni. Jioni ya kwanza mama alioga mapema, akajifunga kanga mpya, akanishika mabega na kunigeuza nimtazame.

"Leo utanisikia kwa masikio, Editha," alisema. "Mgongo wako upumzike."

Wimbo ukaja kutoka madungu ya juu, kwangu ukiwa mkwaruzo tu wa mbali. Mama akaudaka. Maneno yake niliyapata, makavu lakini niliyapata. Kisha akafika pale pa kuvuta, akavuta. Sauti ilitoka, ikaanza kutetemeka, ikazama, ikaisha. Mdomo wake ulikuwa bado wazi. Shingo imekaza, macho kafumba, mdomo wazi, na masikioni mwangu hamna kitu.

"Mbona unakatisha?" nilimwuliza alipofumbua macho.

"Sijakatisha, mwanangu."

"Umekatisha! Unafungua mdomo tu, huimbi."

"Nimevuta mpaka mwisho. Si umemwona mwenzangu kule kapokea?"

"Unanidanganya."

Akaimba tena, kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyopaza ndivyo kidude kilivyopasua na kukata. Mtoto hana pa kulipeleka jambo kama hilo. Niliamini kwamba nilipokuwa sisikii alinipa wimbo mzima kwa kunihurumia, na sasa kwa kuwa nimepona hana haja tena ya kunibembeleza, ananifungulia mdomo mtupu. Midomo mitupu nilikuwa ninaijua tangu homa. Maana yake ilikuwa kususwa. Nikajilaza pembeni, sikumwegemea.

Mama hakuwa mtu wa kukaa na swali. Siku ya kliniki ya mradi alinipakia kwenye baiskeli, tukaenda mjini, tukakaa kwenye foleni na wazazi wengine. Zamu yetu ilipofika alisalimia vizuri, akasema, "Mtaalamu, kwa maneno tunashukuru sana, anasikia. Ila kwenye nyimbo kinakata. Nikivuta sauti, mtoto anasema nimenyamaza."

"Nyimbo?" Mratibu alicheka, akawatazama waliokuwa kwenye foleni ili nao wacheke. "Mama, mtoto alikuwa hasikii kabisa, leo unaniletea kesi ya nyimbo?"

Akakifungua kijumba cha betri. Kwa ncha ya pini akatoa chembe ya pumba, akainyanyua kila mtu aione.

"Usiku unakiweka wapi hiki?"

"Kwenye mchele," mama alijibu. "Kule bondeni unyevu ni mwingi. Hata tochi ikiingia maji tunaifukia kwenye mchele, inakauka."

"Basi umekiua wewe mwenyewe! Tunawaletea vitu vya thamani, mnavifukia kwenye mchele. Mtoto akirudi kuwa kiziwi utamlaumu nani?"

Mama yangu, mwanamke aliyekuwa akiwanyanyua ndege wa shamba zima kwa koo, aliinamisha kichwa mbele ya watu. "Nisamehe, mtaalamu. Sikujua." Nilisikia kila neno, maana kidude kilikuwa kizuri kwa maneno. Na yule bwana hakukipima. Kompyuta ilikuwepo mezani, imefunikwa kitambaa, na hakukiunganisha nayo. Alipuliza ile pumba, akanirudishia, akaita anayefuata.

Jioni ile, wimbo ulipofika kwenye dungu letu, mama alishika kamba na kutikisa makopo. Nilimwona yule mama wa Kisukuma ameinua kichwa, anasubiri. Alisubiri sana, kisha akauanzisha upya yeye mwenyewe. Kesho yake hakuna aliyetucheka, na hilo nadhani lilimuuma mama kuliko kuchekwa.

Hakuimba tena. Hakuimba shambani, hakuimba kwenye jumuiya, hata akichambua mboga. Mimi nikajua sasa nimesuswa rasmi. Yeye aliamini ameniharibia masikio kwa mikono yake, na mwanamke aliyefanya hivyo hana uso wa kumwimbia mtoto. Hatukuambiana. Tungeambianaje? Mtaalamu alikuwa ameshasema.

Nilipofika sekondari kidude kikazima kabisa. Nilitaka kukitupa. "Niachie," mama alisema, "nitakikausha." Sikumwuliza zaidi. Nikapata vingine, nikaenda Dar es Salaam, nikapata kazi, na kila likizo nilirudi Mlabani tukazungumza na mama mpaka chai inapoa. Maneno hatukukosa.

Sasa turudi kwenye lile kopo. Baada ya matanga nilikuwa na miadi Dar ya kubadilishiwa vifaa, nikaenda na kile cha zamani mfukoni. Fundi alikuwa kijana anayetafuna jojo, mpaka nikamwambia aiteme kwanza niusome mdomo wake. Nikakiweka kidude mezani, nikamwuliza kama mchele unaua mashine. Alikigeuzageuza, akasugua vyuma vya betri vilivyoshika kutu, akatia betri mpya, akakiunganisha na kompyuta kwa waya. Kikawaka.

"Dada, hiki kilihifadhiwa wapi?"

"Bondeni, Kilombero. Ndani ya mchele, miaka yote."

"Ndiyo maana kimepona. Vya sehemu zenye unyevu huwa vinaoza ndani. Hiki kisikilizio chake ni kisafi kabisa."

"Kwa hiyo pumba hazikukiua?"

"Pumba zitakiua vipi?"

Nikamweleza habari ya nyimbo. Akanigeuzia kioo cha kompyuta, akanionyesha. Mashine hizi, alisema, zinatengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Neno ni fupi, linapanda na kushuka. Sauti ikinyooka kwa muda mrefu bila kuyumba, mashine inadhani ni mluzi wake yenyewe, au kelele kama ya feni, basi inaibana mpaka iishe. Ikija kwa nguvu sana, inapasukia mlangoni. Ndiyo maana huwekwa mpangilio wa pili, wa muziki, unaoachia sauti ipite. Hakunificha kwamba muziki hauwezi kurudi mzima kama wa mtu mwenye masikio yake. "Ila sauti ndefu isingekatwa," alisema. "Hata hiki chako kina nafasi ya pili, unabonyeza hapa. Tatizo ni tupu. Hakuna aliyeijaza."

Nilikitazama kile kitufe.

"Kuijaza kunachukua muda gani?"

Akainua mabega. "Kikiwa kimeunganishwa hivi? Muda wa kunywa chai."

Nimeandika na kufuta mara nyingi nilichotaka kusema hapa, nikaona niseme tu kwamba nina hasira. Nina hasira na aliyekaa mahali akaamua kwamba mtoto kiziwi akiweza kusikia anapoagizwa na kujibu anapoulizwa, inamtosha, wimbo ni anasa. Mashine ile iliiweka sauti ya mama yangu fungu moja na feni. Hilo ningelisamehe, mashine haijui lolote. Lakini mtu mzima, mwenye waya na kompyuta mbele yake, aliona ni rahisi zaidi kumwaibisha mwanamke kuliko kuinua kitambaa. Kwa ajili ya muda wa kunywa chai, mama yangu alikaa kimya mpaka akafa. Na hakuna wa kumfuata. Mradi ulikwisha zamani, na pale palipokuwa ofisi yao sasa wanauza misumari na rangi. Nilipita nikasimama mlangoni, muuzaji akaniuliza nataka inchi ngapi.

Nilirudi kwa ajili ya arobaini, na vifaa vyangu vipya vina nafasi ya pili iliyojazwa. Mama mdogo Renata alikuwa uani anapepeta mchele wa shughuli. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikamwambia yote, kisha nikasema, "Mchele haukuwa na kosa, mama mdogo. Mama hakukiharibu."

Alishusha ungo. 

"Unajua dada alikuwa anafanya nini kila mavuno?" alisema. "Alikuwa anaumwaga ule wa zamani, anaweka mpya. Anaupepeta, halafu anauchagua, halafu anaufuta kwa kanga, punje kwa punje. Nilimwambia dada acha, hicho kimekufa, Editha ana vingine. Akasema, 'Yule bwana alisema ni pumba. Labda zikiisha zote kitaimba.' Hata mwaka huu, kitandani, aliagiza aletewe mchele wa supa ya kwanza kuvunwa. Nikaupepeta mimi, akaufuta yeye."

Ndiyo harufu niliyoikuta kwenye kopo. Nilikuwa nimeshika mchele wa msimu huu, na akili yangu haikunituma kujiuliza umefikaje mle.

"Na hakuambiwa," alisema mama mdogo. Sauti ilikuwa imembadilika. "Amekufa hajaambiwa." Akasimama, akajifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. "Haya, twende."

Mpunga wa nyuma wa mama, ule uliopandwa mwisho, ulikuwa bado haujavunwa. Dungu lake lilikuwepo, limelala upande. Tulipanda, na ndege walikuwa wameshashuka, wamefunika pembe nzima ya shamba. Mama mdogo aliniambia yeye si dada yake, nisitegemee makubwa. Nikamgeukia usoni. Nikabonyeza kitufe, kikalia "tii", naye akavuta pumzi na kufumba macho, akaiachia sauti.

Ilikuwa na mikwaruzo, na ilikuwa nyembamba kuliko ninavyoikumbuka kwa mgongo. Lakini ilinyooka. Ilipita mfereji ikaenda, shingo yake imekaza, na nilikuwa ninasubiri itetemeke na kuzama, haikutetemeka. Ndege wakanyanyuka wote. Mdomo wake ulikuwa wazi, na sauti ilikuwemo, mpaka pumzi ilipomwisha.

Nililia pale juu ya dungu, mdomo wazi, kamasi zinatiririka. Na asijitokeze mtu kusema nilikuwa ninalia kwa furaha.